Gitaa Kavu na Mizani ya Wimbo: Mpigo wa Vidole wa Mwenda Jean Bosco na Arudhi ya Kiswahili

IKISIRI

Nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa kwa gitaa kavu katika miaka ya 1950 na 1960 zimesomwa kwa njia mbili zisizokutana. Wanafasihi wameyatazama maneno bila ala, na wanamuziki wameitazama ala bila lugha. Makala haya yanachunguza mpigo wa vidole wa Mwenda Jean Bosco (1930–1990), mpigaji wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, na kudai kwamba katika nyimbo za aina hii mizani haimo katika hesabu ya silabi bali katika mzunguko wa gitaa. Kwa hiyo, kuuita wimbo wa namna hii guni kwa sababu mishororo yake hailingani ni kuupima kwa kipimo kisichokuwa chake. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna bora ya kukusanya na kunukuu nyimbo hizo.

1.0 Utangulizi

Kusini mwa mji wa Bagamoyo, katika pwani ya Mrima, kuna kijiji kiitwacho Mlingotini. Jina hilo linachanganulika kwa wepesi: ni nomino mlingoti ikifuatwa na kiambishi tamati cha mahali, -ni. Mkazo ambao katika mlingoti huwa juu ya silabi -ngo- huhamia kwenye silabi -ti- mara kiambishi hicho kinapoongezwa. Badiliko hili ni la kawaida kabisa katika Kiswahili, na msemaji halifikirii. Hata hivyo, kwa mtu anayetunga ushairi wa kimapokeo, jina la Mlingotini huleta shida ndogo. Akisema "Nimefika Bagamoyo", amepata mizani nane kamili, yaani mshororo wa utenzi au kipande cha shairi. Akisema "Nimefika Mlingotini", amepata mizani tisa, na kipande kimeharibika.

Suala linalojadiliwa hapa linaanzia katika silabi hiyo moja iliyozidi. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mizani na vina vimetumiwa na wahakiki wengi kuwa ndivyo vigezo vya kutenga shairi na kisichokuwa shairi. Mjadala uliozuka katika miaka ya 1970, baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) na kazi za Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, ulihusu zaidi ushairi ulioandikwa. Nyimbo za gitaa hazikupewa nafasi kubwa katika mjadala huo. Pale zilipotajwa, mara nyingi maneno yake yaliandikwa karatasini, silabi zikahesabiwa, na hukumu ikatolewa kwamba mishororo haina urari.

Jambo la kushangaza ni kwamba Amri Abedi mwenyewe alisisitiza kuwa shairi sharti liwe lenye kuimbika. Ikiwa kuimbika ndiko asili ya mizani, basi wimbo ambao tayari unaimbwa, na unaimbwa vizuri, hauwezi kukosa mizani. Linalobaki ni kuuliza mizani hiyo imekaa wapi. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kumchunguza mpigaji mmoja na ala yake.

2.0 Ala: gitaa kavu au galatoni

Neno gitaa kavu hutumika katika Afrika Mashariki kwa gitaa lisilotumia umeme, ambalo sauti yake hutokana na sanduku lake la mbao peke yake. Wazee wa muziki hulijua pia kwa jina la galatoni. Jina hili limetokana na Gallotone, alama ya biashara ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo mwanzilishi wake, Eric Gallo, aliingia katika biashara ya santuri mwaka 1926. Kampuni hiyo ilitoa santuri na pia kuuza magitaa ya bei nafuu. Jina la biashara likawa nomino ya kawaida, kama ilivyotokea kwa bidhaa nyingi nyingine zilizoingia katika lugha pamoja na majina ya watengenezaji wake.

Magitaa haya hayakuwa ya fahari. Yalikuwa ya kiwandani, mengine madogo kuliko gitaa la kawaida, yenye sanduku la mbao za tabaka na nyuzi za chuma. Wala hayakuishia Afrika. Gitaa la kwanza la John Lennon, alilolipata mwaka 1957 alipokuwa bado kijana katika mji wa Liverpool, lilikuwa Gallotone Champion, na karatasi iliyobandikwa ndani yake iliahidi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo ilikuwa na maana kubwa zaidi katika nchi za joto na unyevu, ambako gundi hulegea na mbao hupinda.

Sifa za ala hii zina uzito katika hoja itakayofuata. Kwanza, sauti ya uzi wa chuma juu ya sanduku dogo ni kali lakini hufifia upesi. Mpigaji hawezi kulipiga pigo moja akaliacha liendelee kulia chini ya maneno, bali lazima aendelee kugusa nyuzi bila kukoma. Pili, mpigaji aliyetaka kupandisha sauti ya gitaa zima ili ilingane na koo lake alifunga kijiti au penseli shingoni mwa gitaa, ikabana nyuzi zote kwa pamoja. Kwa njia hiyo aliweza kutumia mikao ileile ya vidole katika sauti yoyote. Matokeo yake ni kwamba mikao michache, iliyokaririwa na mkono kwa miaka, ikawa msingi wa nyimbo nyingi. Mkono uliozoea namna hiyo hauhitaji kuangaliwa, na akili ya mwimbaji hubaki huru kushughulikia maneno.

3.0 Njia: kutoka Mrima hadi Katanga

Mwenda Jean Bosco, ajulikanaye pia kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kuanzisha dola ya Wayeke kwa nguvu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Jina la Mwenda ni jina la watawala wa huko. Biashara ya Msiri iliungana na njia za misafara zilizofika pwani ya Mrima, na Bagamoyo ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Njia hiyo ilipitiwa pia na waliokuja kumwangamiza: msafara wa Kapteni Stairs uliondoka pwani mwaka 1891 na kufika Bunkeya, ambako Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo.

Yapo mashawishi ya kudai kwamba Kiswahili cha nyimbo za Mwenda kilifika Katanga kwa mguu, mgongoni mwa wapagazi, kisha kikarudi pwani kwa santuri. Dai hilo lina ukweli nusu. Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa mwaka 1986, ametahadharisha dhidi ya kukieleza Kiswahili cha Katanga kwa misafara peke yake. Anaonyesha kwamba kuenea kwake miongoni mwa wafanyakazi kulitokana zaidi na sera za wakoloni wa Kibelgiji na mahitaji ya migodi, hasa baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Watu wa makabila mengi walikusanywa katika kambi za kazi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja.

Tahadhari hiyo inafaa kuzingatiwa, kwa kuwa inaeleza hali ya lugha katika nyimbo zenyewe. Kiswahili cha Katanga kina upatanisho wa ngeli uliorahisishwa na msamiati uliochanganyika. Msikilizaji wa pwani humwelewa mwimbaji, lakini huona kwamba sarufi yake siyo ya Mrima. Hivyo wimbo wa Mwenda ulihukumiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kukosa mizani, mara ya pili kwa kukosa usanifu. Hukumu zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kuichukua lahaja na arudhi ya pwani kuwa ndicho kipimo cha kila kilichotungwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Wimbo wa Masanga ulitolewa kwa alama ya Gallotone na kupata tuzo ya Osborn ya mwaka huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, ambako alisikika redioni na kuwaathiri wapigaji wengi wa Kenya. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alifanya kazi Nairobi. Mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

4.0 Mpigo wa vidole

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa kutofautishwa hapa. Kucharaza ni kupitisha vidole au kibao kidogo juu ya nyuzi kadhaa kwa mkupuo, zikatoa sauti pamoja. Kudonoa ni kugusa uzi mmoja mmoja. Mtindo wa Katanga ni wa kudonoa, na mkono wa kulia hutumia vidole viwili tu: gumba na kidole cha shahada. Gumba huhudumia nyuzi nene, na shahada huhudumia nyuzi nyembamba.

David Rycroft, aliyechambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alionyesha kwamba kazi ya vidole hivi viwili si ya bwana na mtumishi. Gumba halitoi msingi tu huku shahada ikiimba. Kila kidole kina mfuatano wake, na mifuatano hiyo hupokezana kiasi kwamba msikilizaji husikia wimbo wa tatu ambao haumo katika kidole chochote kikiwa peke yake. Aidha, katika Masanga vipashio vya mapigo mawili hupishana na vipashio vya mapigo matatu, na mpigaji huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusimama.

Utaratibu huu wa kupokezana si mgeni kwa Afrika ya Kati na ya Mashariki. Mpigaji wa ilimba ya Kigogo, kama alivyokuwa Hukwe Zawose, aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo hadi kufariki kwake mwaka 2003, hufuma wimbo mmoja kwa vidole vya mikono miwili vinavyopokezana juu ya vijiti vya chuma. Gitaa lilipofika lilikuta mikono ambayo tayari ilijua kugawana kazi. Ndiyo sababu John Low, mpigaji wa Kiingereza aliyekwenda kujifunza kwa wapigaji wa Katanga na kuandika habari zao mwaka 1982, alilazimika kukaa mbele ya wapigaji wenyewe na kuutazama mkono. Sauti ya santuri haikutosha kumwambia ni kidole gani kimefanya nini.

5.0 Mzunguko wa gitaa na mkazo wa neno

Sasa inawezekana kurudi kwenye silabi iliyozidi. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya makala haya, ili kanuni ionekane bila kuchanganyikana na mambo mengine. Tuchukulie mzunguko wa gitaa wenye mapigo madogo 16. Gumba linapiga katika pigo la 1, la 5, la 9 na la 13. Shahada inajaza yaliyo katikati. Kipande cha kwanza kinakaa hivi, herufi kubwa zikionyesha silabi yenye mkazo:

ni (1) – me (3) – FI (5) – ka (7) – ba (9) – ga (11) – MO (13) – yo (15)

Silabi nane zimegawana mapigo 16 sawasawa, mbili kwa kila moja. Mikazo yote miwili imekutana na gumba. Kipande cha pili kina silabi tisa:

ni (1) – me (3) – FI (5) – ka (7) – m (9) – li (10) – ngo (11) – TI (13) – ni (15)

Mzunguko haukurefuka. Mkazo wa FI umebaki katika pigo la 5, na mkazo wa TI umekaa mahali pale pale ulipokaa mkazo wa MO. Silabi iliyozidi imemezwa katikati: nazali m, ambayo ni silabi kamili kwa hesabu ya arudhi lakini ni nyepesi kinywani, imechukua pigo moja badala ya mawili, na li imefanya vivyo hivyo. Msikilizaji hasikii kasoro yoyote. Kwa hesabu ya kalamu kipande hiki ni guni, na kwa hesabu ya gumba kimetimia.

Tuongeze utao: "sikumkuta mama". Hapa pana silabi saba, na mshororo mzima una mizani 16, lakini umegawanyika tisa kwa saba badala ya nane kwa nane. Katika mzunguko wa pili wa gitaa, maneno haya yanaweza kukaa hivi:

si (1) – ku (3) – m (4) – KU (5) – ta (7) – [gitaa peke yake] – MA (13) – ma (15)

Kati ya ta na MA pana nafasi ambayo haina neno. Katika maandishi nafasi hiyo haionekani kabisa, na msomaji huruka kutoka neno moja hadi jingine. Katika wimbo ndipo gitaa linapozungumza, na ndipo msikilizaji anapongoja kujua nani hakuonekana. Mwimbaji amelichelewesha neno mama, na gitaa ndilo lililomwezesha kulichelewesha bila kupoteza mapigo. Maana ya mshororo, yaani kufika na kumkosa uliyemwendea, imegawanywa kati ya kinywa na vidole.

Kanuni inayojitokeza ni hii: katika wimbo wa gitaa kavu wa aina ya kudonoa, kinachohesabiwa ni mikazo inayokutana na gumba, wala si idadi ya silabi. Silabi zilizo kati ya mkazo na mkazo zinaweza kuzidi au kupungua ndani ya mipaka ya ulimi. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, mwimbaji daima anajua mahali neno lake litakapotua, na anaweza kulielekeza kwenye gumba kabla hajalitamka.

6.0 Ulinganisho

Kanuni hii haihusu kila wimbo wa Kiswahili wenye ala ya nyuzi. Katika taarabu, ambayo ilianza kurekodiwa na Siti binti Saad na wenzake mwaka 1928, maneno ni shairi lililotungwa kwa mizani na vina kabla ya kutiwa sauti, na udi hufuata mwendo wa sauti ya mwimbaji. Hapo hesabu ya silabi na wimbo vinaafikiana, na ndiyo sababu ya wahakiki wa pwani kuiona hesabu hiyo kuwa ya lazima.

Wapo pia wapigaji wa gitaa waliotegemea zaidi kucharaza. Fundi Konde (1924–2000), kutoka pwani ya Kenya, aliyekuwa katika burudani za wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuza mtindo wenye mafungu ya sauti yaliyokaribiana na muziki wa dansi. Frank Humplick (1927–2007), aliyezaliwa Moshi, aliimba pamoja na dada zake kwa sauti zilizopangwa kwa ngazi. Sauti kadhaa zinapoimba pamoja, mwimbaji mmoja hawezi kulichelewesha neno apendavyo, kwa maana wenzake wanamngojea. Hivyo mishororo huelekea kulingana, hata pale ambapo mtungaji hakuhesabu.

Katika magharibi ya Kenya mambo yalikuwa mengine. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliimba nyimbo za Kiswahili kwa mtindo wa omutibo, wa kudonoa kwa vidole, huku chupa ya soda ikigongwa kandoni. Chupa ilishika mapigo, na gumba likapata uhuru zaidi. Mizani hapa imegawanywa kati ya ala mbili, lakini bado haimo katika silabi.

Bendi za dansi zilizotumia umeme, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilizigawa kazi za gumba na shahada kwa wapigaji mbalimbali: besi, gitaa la kati na gitaa la solo. Kilichokuwa mkononi mwa mtu mmoja kikawa kazi ya kundi. Anayetaka kuelewa namna bendi hizo zilivyopanga maneno juu ya magitaa hana budi kuanza na yule mpigaji mmoja aliyeketi na galatoni.

7.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba kila wimbo duniani hurefusha na kufupisha silabi, na kwamba hoja iliyotolewa hapa haina upekee. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halitofautishi mambo mawili. Katika wimbo wenye sauti iliyotungwa kwanza, silabi hurekebishwa ili kuifuata sauti hiyo, na marekebisho hayo huonekana kuwa ruhusa ya mtunzi. Katika wimbo wa kudonoa hakuna sauti moja iliyokamilika inayongojea maneno. Upo mzunguko, na Rycroft alikuwa na haki kuuita upigaji wa Mwenda ubunifu wa papo kwa papo. Maneno na vidole hutafutana kila mara wimbo unapoimbwa. Kwa hiyo hakuna umbo moja ambalo mishororo imelikosea.

Pingamizi la pili ni kwamba kanuni ya mikazo itafungua mlango kwa kila maneno ya ovyo kuitwa shairi. Hofu hiyo haina msingi. Mpigaji akiliweka neno mahali ambapo mkazo wake unagongana na gumba, wasikilizaji hutambua papo hapo, ijapokuwa hawana istilahi ya kulieleza kosa hilo. Sheria ipo, nayo ni kali, ila mlinzi wake ni sikio.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nyimbo za gitaa kavu za Kiswahili zina arudhi yake, na kwamba arudhi hiyo haiwezi kuonekana endapo maneno yatang'olewa kutoka kwenye ala. Matokeo yake kwa kazi ya idara za Kiswahili ni dhahiri. Kwanza, mtafiti anayekusanya nyimbo hizi hana budi kunukuu mapigo ya gumba chini ya maneno, pamoja na nafasi ambazo gitaa linabaki peke yake. Pili, mkono wa mpigaji urekodiwe kwa picha, kwa kuwa sauti pekee haitoshi. Tatu, gitaa lenyewe lielezwe: aina yake, nyuzi zake, na mahali kijiti kilipofungwa.

Kazi hii ina haraka. Wapigaji waliojifunza kutoka kwa santuri za miaka ya 1950 ni wazee sana au wamekwisha kufariki, na galatoni zilizobaki zimepasuka au zimetiwa viraka. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho mwaka 2007 kilifanywa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na hapo wanafunzi wa ala na wanafunzi wa lugha wangeweza kuketi pamoja. Wakifanya hivyo, mtu aliyefika Mlingotini ataweza kuliimba jina la kijiji hicho lote, silabi zake zote tano, bila kuambiwa kwamba amevunja mizani.